Maji Yakikupwa, Tunalala

Asubuhi ya mwezi mpevu, kama saa nne hivi, pwani ya mashariki ya Unguja haina bahari. Mchanga upo, minazi ipo, ngalawa zimelalia ubavu kwenye tope jeupe, lakini maji yenyewe yamejiondokea hadi kwenye mwamba, mwendo wa kilomita nzima, na kinachoonekana huko ni mstari mweupe wa mawimbi yanayopasuka. Mgeni aliyekuja na picha za hoteli kwenye simu hudhani ametapeliwa. Nilimsikia mmoja akimuuliza mhudumu, kwa upole kabisa, maji "wanayarudisha" saa ngapi.

Mimi niliichagua Jambiani, kijiji cha pwani hiyo, kwa sababu hiyohiyo. Ukitaka kuoga baharini saa yoyote ya mchana, nenda Nungwi au Kendwa kule kaskazini, ambako ufuko unateremka haraka na maji hayaendi mbali. Watu wengi hupelekwa huko, na hawakosei. Lakini mimi nilikuwa na mume wa kumpumzisha, na mume mwenyewe ni mhasibu.

Mwenzangu hawezi kukaa. Nyumbani Jumapili akimaliza kunywa chai anaanza kukaza skrubu za viti. Tulipokubaliana kwamba likizo ya Juni watoto wataenda kwa bibi yao Morogoro na sisi wawili tutavuka maji, alichofanya kwanza ni kufungua kompyuta na kutengeneza jedwali. Asubuhi msitu wa Jozani, mchana Kizimkazi kutazama pomboo, jioni bustani ya Forodhani. Kesho yake mashamba ya viungo, kisha kisiwa cha Changuu kuona makobe. Kila safu na rangi yake. Hata mapumziko yalipewa muda: "13:00–14:30, kupumzika." Nilinyamaza. Nilijua tunakokwenda kuna mwenye ratiba kubwa kuliko yake.

Nieleze kidogo kuhusu huyo mwenye ratiba, maana nimeona hata watu wa Dar es Salaam waliozaliwa na bahari mlangoni hawamjui vizuri. Upande wetu huu wa Bahari ya Hindi maji hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku. Toka yajae hadi yajae tena ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku muda unasogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta pamoja, na hapo ndipo panapokuja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti kati ya juu na chini hufika karibu mita nne. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Hayaji sana wala hayaendi sana. Pwani ya Zanzibar ina tabia yake ambayo ukishaijua huhitaji kumuuliza mtu: siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na kukupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Wiki moja baadaye mambo yamegeuka, asubuhi maji yapo na alasiri yamepungua.

Mama mwenye nyumba tuliyofikia hakuwa na haja ya maelezo yote haya. Siku ya kwanza mwenzangu alimfuata akiwa na simu mkononi.

"Shikamoo mama. Samahani, boti ya kwenda mwambani inaondoka saa ngapi? Nimeandika saa tatu."

"Marahaba, mwanangu. Saa tatu itapita wapi?" Akamwonyesha kwa kidevu ngalawa zilizolala. "Leo mwezi kumi na nne. Maji yatakuja alasiri. Kwani mna haraka ya nini, mtu na mkewe?"

Swali hilo halikuwa na safu kwenye jedwali.

Siku zilizofuata tulizipanga kwa maji, na nikiri kwamba sijawahi kuona mpangilio unaowafaa watu wawili waliochoka kama huo. Maji yakikupwa, tunatembea juu ya sakafu ya bahari hadi jua liwe kali, kisha tunarudi, tunakula, tunalala. Yakijaa, tunaingia. Hakuna wa kumlaumu, hakuna wa kumharakisha mwenzake. Wanandoa wengi ninaowafahamu hugombana safarini kuliko nyumbani, na nikitazama sababu ni ileile kila mara: mmoja anataka kuona kila kitu kwa kuwa nauli imeshalipwa, mwingine anataka kulala kwa kuwa nauli imeshalipwa. Kule Jambiani uamuzi unachukuliwa mwezini. Mnabaki kubishana kuhusu nani kamaliza maji ya kunywa.

Tembea hiyo ya asubuhi ndiyo niliyoipenda kuliko vyote. Huwezi kwenda peku. Mwambani kuna mawe makali, na kwenye madimbwi kuna wale viumbe weusi wenye miiba mirefu inayokatikia ndani ya nyayo. Viatu vya plastiki vinauzwa madukani kijijini, vaa hivyo usione aibu. Ukishapita mchanga unaingia kwenye mashamba. Ni mashamba kweli: vigingi vimechomekwa kwa mistari, kamba imefungwa toka kigingi hadi kigingi, na kila baada ya shubiri moja kimening'inia kishada cha mwani. Maji yakija yanafunikwa, yakiondoka kina mama wanaingia kazini.

Kilimo hiki cha biashara kilianza hapa mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Wanaume wengi walikipuuza wakati ule, pesa yake ikionekana ndogo kando ya uvuvi na utalii, na ndivyo kilivyobaki mikononi mwa wanawake. Mwani ukishakauka unasafirishwa nje, na ute wake unaishia kwenye dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi vya watu wasiojua Jambiani iko wapi. Kuna aina mbili kubwa. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, lakini haistahimili joto, na maji ya kina kifupi yamekuwa yakipata moto kiasi kwamba inageuka nyeupe na kukatika kabla ya kuvunwa. Spinosamu ni ngumu, inavumilia, na bei yake ni ya chini. Kwa hiyo wengi wanalima ile inayolipa kidogo kwa sababu ndiyo inayobaki hai. Baadhi wamehamia kutengeneza sabuni ya mwani, ambayo wageni hununua kwa pesa inayoeleweka.

Tulisimama karibu na kina mama watatu waliokaa ndani ya maji yanayofika kiunoni wakiwa wamekaa, kanga kuukuu zimelowa, wanafunga mbegu. Nikawasalimu, nikaomba ruhusa ya kukaa nao. Picha sikupiga, wanapigwa picha vya kutosha na watu wasiosalimia. Mmoja akamtazama mwenzangu kuanzia kofia hadi viatu, akaniambia, "Mume huyo mtie kazini, asikuzubalie." Basi akatiwa kazini. Mtu ambaye hawezi kukaa alipewa kamba na fungu la mwani, akakalishwa chini, akafunga vishada kwa umakini wa mtu anayefunga hesabu za mwaka. Walimcheka fundo lake. Alipofika nusu ya kamba wao walikuwa wameshamaliza kamba kadhaa na wanazungumzia harusi ya mtu.

Nilichokiona nikiwa nimekaa pale kilinikaa. Mabango ya utalii huuita ufuko huu kuwa mtupu, safi, usioguswa. Umeguswa kila siku, na wenyewe wamegawana vipande wanavyovijua kwa macho. Taulo la mgeni linatandikwa ukingoni mwa sehemu ya kazi ya mtu, na ukilijua hilo unatembea kwa adabu zaidi: hukanyagi kamba, hung'oi kigingi upate kitu cha kuegemea unapopiga picha, hupiti katikati ya watu na vazi la kuogelea ukiwa na bia mkononi. Jambiani ni kijiji cha Waislamu chenye misikiti, madrasa na wazee wanaokaa barazani. Mimi niliogelea na suruali ya kubana na fulana ndefu, na nikitoka najifunga kanga. Sikupungukiwa chochote. Mikono tulishikana, mengine yana mahali pake.

Alasiri maji yakirudi hayaji kwa kishindo, kwa sababu mwamba kule nje unazuia mawimbi. Yanapanda kimyakimya, kwanza yanajaza mikondo, kisha ngalawa zinaanza kuinuka moja baada ya nyingine, na ukijisahau umekaa unakuta yamefika magotini. Ndani ya mwamba ni kina cha kifua tu kwa sehemu kubwa, vuguvugu, rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu ambayo simu haiipati. Mwenzangu hajui kuogelea. Kakulia Singida. Nilimshika kisogo, nikamwambia alegeze shingo, na kwa siku za mwanzo alilegeza kila kitu isipokuwa shingo. Kumfundisha mume kuelea ni jambo la ajabu kidogo. Mtu uliyezoea akubebee mizigo anakuwa mzigo wako mwepesi kabisa, na anakutazama kwa macho ya kukuamini ambayo hukuyaona tangu mlipokuwa mnachumbiana. Siku aliyoelea mwenyewe alisahau kufurahi, alibaki anatazama mawingu. Nami nikamwacha.

Tulikuwa tumeapa kuwapigia watoto simu mara moja tu kwa siku, jioni. Mwanzoni tulizungumza habari zao tu, kana kwamba tuko kwenye kikao cha wazazi. Baadaye mada hiyo ikaisha yenyewe, na ikafuata kimya ambacho kilinitia wasiwasi: je, hatuna lingine? Halafu siku moja baada ya chakula akaanza kunisimulia jambo la utotoni kwake, habari ya punda na kisima, ambalo kwa miaka yote ya ndoa sikuwahi kulisikia. Inaonekana kulikuwa na foleni.

Jozani tulikwenda, kwa kuwa iko njiani na kwa kuwa jedwali lilihitaji kuheshimiwa walau mara moja. Kima punju, wale wenye mgongo mwekundu ambao duniani kote wanapatikana Zanzibar tu, wana desturi ya kula mkaa, ambao unawasaidia kuhimili sumu iliyomo kwenye majani ya miembe na mikungu wanayokula. Mwongozaji alisema usiwaguse na kaa nao mbali; wao hawakusikia maelezo hayo, walikuja hadi miguuni. Barabarani pale kuna matuta yaliyowekwa ili magari yasiwagonge. Ni ziara ya saa chache, inatosha.

Kuhusu Mji Mkongwe nina maoni ambayo yatanigombanisha na watu. Forodhani usiku ni pazuri kwa kutazama: vijana wanaruka baharini kutoka ukutani, taa, moshi, kelele. Kwa kula, nenda mchana uchochoroni ukatafute urojo. Bakuli la urojo la mama aliyezoea, lenye ukwaju na embe mbichi, bajia, kachori, viazi na chipsi za muhogo juu, pilipili pembeni, linamaliza habari yote. Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 ambalo kila kitabu cha wageni kina picha yake, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Tulilitazama kwa nje, mwenzangu akataka kujua bajeti ya ukarabati. Nikamkumbusha yuko likizo.

Kisha tukavuka kwenda Pemba, na hapo ndipo jedwali lilipofutwa rasmi, kwa sababu Pemba haikuwa na cha kuandikwa ndani yake.

Watu husema Unguja na Pemba kana kwamba ni ndugu mapacha. Havifanani hata kidogo. Unguja ni tambarare na imekaa karibu na bara, juu ya maji ya kina kifupi. Kati ya Pemba na bara kuna mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na kisiwa chenyewe ni vilima juu ya vilima, mabonde ya mpunga, ghuba zilizojaa mikoko, na mikarafuu. Wageni ni wachache. Nyumba za kulala si nyingi, na mikahawa ya kukaa na orodha ya vyakula ni ya kutafuta. Chake Chake baada ya magharibi unakula unachokikuta barabarani: supu ya pweza, mishkaki, chapati, kahawa chungu na kashata. Ukipita Wete nunua halua. Mtu anayehitaji kuburudishwa asiende Pemba, atateseka.

Msimu wa karafuu ulikuwa unaanza, na hapa ndipo nilipojua kuwa harufu inaweza kufika kabla ya gari kusimama. Mikeka na majamvi yametandazwa kando ya barabara, uani, hata kwenye uwanja wa mpira, na juu yake vitumba vyenye rangi ya kijani na pinki vinageuka kahawia juani. Karafuu ni ua ambalo halijaachiwa lifunguke, likichanua limeharibika. Kwa hiyo wachumaji hupanda miti mirefu wakikimbizana na siku, na jioni familia nzima, bibi hadi mjukuu, hukaa chini kuchambua, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule. Tulikaribishwa kwenye kikao kimoja cha namna hiyo na mzee mmoja aliyekuwa amekaa mlangoni. Mikono ilifanya kazi, midomo ilisema watu. Vidole vyangu vilinukia karafuu hadi tunarudi bara.

Mzee ndiye aliyetupa historia, kwa mpangilio wake. Zamani mikarafuu mingi ilikuwa Unguja. Mwaka 1872 ikapiga tufani kubwa iliyoing'oa miti ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu ya Zanzibar kwa sehemu kubwa ni ya Pemba. Ununuzi wake ni wa serikali, kupitia shirika la ZSTC, na kuuza kwingine ni magendo. Nilimuuliza kama vijana bado wanapanda miti. Akasema wanapanda mwaka wenye mavuno, mwaka usio na mavuno wanapanda boti. Mikarafuu ina kawaida hiyo, mwaka huu ikajitoa kabisa, mwaka ujao ikanuna.

Kaskazini kabisa, ukiupita msitu wa Ngezi wenye miti mirefu na giza la mchana, unafika Vumawimbi. Ni ufuko mrefu, mweupe, na siku tuliyokwenda kulikuwa na sisi wawili, dereva wa bodaboda aliyelala chini ya mti, na ng'ombe. Bebeni chakula na maji, hakuna duka. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma kwa mbali, na upande ule umekingwa kidogo. Mwenzangu alielea. Mimi nilisoma kurasa chache na kulala, nikaamka nikakuta amejenga na mchanga kitu ambacho alidai ni ghala, lenye milango ya kuingiza na kutoa mizigo. Sikumkataza. Kuna watu mapumziko yao ni kufanya kazi isiyo na maana, na nadhani nimechelewa kulikubali hilo kuhusu yeye.

Misali nako tulifika, kisiwa kidogo magharibi ya Chake, hifadhi ya bahari. Wavuvi husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika pale, akakosa msala wa kusalia, akasema kisiwa chenyewe kiwe msala wake, kwa kuwa kimeelekea kibla. Ndiyo maana hata watu wasiojali sheria za hifadhi huona haya kukichafua. Matumbawe yapo karibu sana na mchanga. Ukiwa na miwani ya kuzamia, kimo cha magoti kinatosha kuona samaki wa kila rangi. Popo wakubwa wa Pemba, wale wanaoning'inia kule Kidike wakiwa na sura ya mbweha, tuliwaacha kwa safari nyingine, kwa sababu siku ile tuliamka saa tano.

Kwa wanaopanga kwenda wawili: kabla ya kulipia chumba upande wa mashariki, tazama kalenda ya mwezi. Mkipenda kutembea mwambani na kukutana na kina mama wa mwani, chagueni siku zinazozunguka mwezi mpevu au mwandamo. Mkipenda kuoga asubuhi, nendeni mwezi ukiwa nusu. Machi hadi Mei ni masika, barabara za ndani hazipitiki vizuri na nyumba nyingine hufungwa. Desemba hadi Februari upepo ni kaskazi na joto ni la kweli. Mwezi wa Ramadhani mnakaribishwa, ila mchana msile hadharani, na futari mtakazoalikwa zitawafanya msahau mchana wake.

Sisi bado tunabishana kuhusu safari ijayo. Mwenzangu, ambaye sasa anajiita mwogeleaji, amesikia kwamba Mafia, karibu na Kilindoni, papa potwe huonekana kati ya Oktoba na Machi, na anataka kwenda kuelea kando ya samaki mwenye urefu wa basi dogo. Mimi nataka kurudi Pemba karafuu zikiwa zimepamba moto. Ameshafungua jedwali jipya ili kuonyesha kwamba vyote viwili vinawezekana mwaka mmoja, na nimegundua kwamba safari hii ameongeza safu moja upande wa kushoto kabisa, imeandikwa "mwezi."